Rejeta ya Pili: Maelezo ya Kufunga Kipoza Hewa cha Tabo Nyumbani Gachoka

Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza jinsi kipoza hewa kinavyofungwa katika gari lenye tabo, kazi ikifanyiwa uani nyumbani kwa vifaa vya kawaida. Msomaji aliyezoea kukuta humu uhakiki wa riwaya na mijadala ya ngeli huenda akauliza mada ya gereji imeingiaje. Imeingia kwa mlango wa lugha. Kifaa tunachokizungumzia kilinunuliwa kwa sababu ya jina kililopewa. Jina hilo lilidanganya, na udanganyifu wake ulikaribia kuila injini pamoja na fedha za mavuno ya msimu mzima.

Gachoka ni kituo kilichoko kwenye barabara ya Embu kuelekea Kiritiri, katika nchi ya Wambeere. Hadi uchaguzi wa mwaka 2013 eneo bunge lote liliitwa Gachoka. Sasa linaitwa Mbeere Kusini. Ni nchi ya jua, ya ndengu, maembe na muguka. Mjomba wa mwandishi wa makala haya ni mkulima huko, na gari lake ni Toyota Hilux Surf ya dizeli, yenye injini ambayo mafundi wa Kenya huiita kwa herufi zake tu, 1KZ. Injini hiyo ina ujazo wa lita 3 na ina tabo, lakini nyingi miongoni mwake zilitoka kiwandani bila kipoza hewa. Ya mjomba ni mojawapo.

Wakati wa mavuno mjomba huteremka hadi upande wa bwawa la Kiambere, lililo kiasi cha mita 700 juu ya usawa wa bahari, akapakia ndengu, kisha akapanda nazo mpaka mjini Embu, penye zaidi ya mita 1,300. Katika upandaji huo mshale wa joto ulikuwa ukipanda pamoja na gari. Alipomweleza fundi wa pale kituoni, fundi alimjibu kwa ufupi: gari linahitaji intakula, na intakula ni rejeta ya pili. Mjomba alishawishika mara moja. Ikiwa rejeta moja imeshindwa, mbili zitashinda. Akauza ndengu, akaenda Nairobi katika maduka ya vipuri ya Grogan, akarudi na boksi lenye kifaa, mabomba, mipira, klipu na karatasi ya maelezo ya Kiingereza. Kisha akampigia simu mpwa wake aliyeko chuoni.

"Wewe ndiwe mwenye shahada za lugha," alisema. "Njoo utusomee karatasi hii tupate kufunga."

Hewa na Joto Lake

Sentensi ya kwanza ya karatasi ile ilitosha kuzua mgogoro. Neno ambalo Waingereza hulitumia kuitaja hewa iliyosukumwa ndani ya injini ndilo lile lile ambalo mafundi wetu wanalijua kama chaji ya betri. Nilipolisoma jinsi lilivyo, fundi alianza kutafuta ndani ya boksi waya wa kuunganisha na betri. Ilibidi niiweke karatasi kando, tukaanza upya kwa kueleza kifaa chenyewe kinafanya nini.

Tabo ni pampu ya hewa inayozungushwa na moshi. Moshi unapotoka kwenye silinda una nguvu na joto ambavyo vingepotea bure. Badala yake unapitishwa kwenye gurudumu dogo la mapanga, gurudumu hilo linazungusha jingine lililoko upande wa pili wa mhimili mmoja, nalo linaivuta hewa ya nje na kuishindilia injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyepewa hataza ya wazo hili mwaka 1905. Faida yake ni kwamba injini ndogo hupata hewa nyingi, na penye hewa nyingi dizeli nyingi zaidi inaweza kuungua ipasavyo.

Hata hivyo, hewa inaposhindiliwa hupata joto. Yeyote aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli ameugusa ukweli huu kwa vidole vyake: ncha ya chini ya pampu huwaka. Tuchukue mfano wa Gachoka penyewe. Katika mwinuko wa mita elfu moja na mia moja na ushei, kanieneo ya hewa ya kawaida ni takriban bari 0.88. Tabo ikiongeza bari 0.7 juu yake, hewa imeshindiliwa mara 1.8. Ikiwa iliingia ikiwa na nyuzi 30 za Selsiasi, itatoka kwenye tabo ya kawaida ikiwa na nyuzi 110 hivi, yaani imepita joto la maji yanayochemka. Hewa yenye joto kiasi hicho imetanuka. Silinda inajaa, lakini kilichoijaza ni chepesi. Tumeshindilia kwa mkono mmoja na kutanua kwa mkono wa pili.

Hapo ndipo kipoza hewa kinapoingia. Ni sanduku bapa la aluminiamu lenye mirija na mapezi, linalofanana sana na rejeta, ila ndani yake hamna tone la maji. Hewa ya tabo inapita ndani ya mirija. Upepo wa safari unapita nje kati ya mapezi na kuchukua joto. Kifaa cha wastani kinaweza kuishusha hewa yetu kutoka nyuzi 110 hadi karibu 60. Ukikisia upungufu mdogo wa kanieneo unaosababishwa na mirija yenyewe, injini inapata hewa nzito zaidi kwa asilimia 12 hivi. Dizeli inaungua vizuri zaidi, moshi mweusi mlimani unapungua, na joto la moshi unaotoka silindani linashuka. Vijana wanaotamani tundu lililo juu ya boneti la Subaru Impreza, gari lililoshinda Safari Rally katika miaka ya 1996, 1997 na 2000, wajue kwamba kazi ya tundu lile ni hiyo hiyo: linapitisha upepo kwenye kipoza hewa kilicholala juu ya injini.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona tatizo letu. Kifaa hiki kinapoza hewa inayoingia kwenye injini. Maji ya injini hakiyagusi. Tena kinapofungwa mbele ya rejeta, kama karatasi yetu ilivyoelekeza, kinaizuilia upepo, na upepo unaopenya unafika ukiwa umekwisha kupashwa moto. Kwa gari ambalo rejeta yake inashindwa kazi, kukifunga ni sawa na kumvisha blanketi mwenye homa.

Kumweleza mjomba jambo hili mbele ya fundi haikuwa kazi nyepesi. Mtu mzima ametumia fedha, majirani wameliona boksi, na anayemkosoa ni mtoto wa dada yake ambaye hana hata baiskeli.

"Mjomba, kifaa ni kizuri," nilianza, "ila hakitibu ugonjwa wa gari lako."

"Basi nimenunua nini?"

Fundi ndiye aliyenisaidia. Aliliinua sanduku lile, akapuliza kwa mdomo upande mmoja huku ameweka kiganja upande wa pili, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu anasema kweli. Hii ni ya upepo." Alikuwa amefunga vifaa kama hivi mara kadhaa kwenye malori. Mikono yake ilikuwa ikijua bomba gani liende wapi, ila jina alilolirithi kwa waliomfundisha lilikuwa halijawahi kumdai maelezo.

Rejeta Kwanza

Siku ile hatukufunga kitu. Tuliifungua rejeta, na sababu ya joto ikaonekana bila darubini. Kwa nje, mapezi yalikuwa yamezibwa na udongo mwekundu, mbegu za nyasi na wadudu waliokauka. Kwa ndani, mirija ilikuwa na ukoko mweupe, kwa kuwa kwa miaka kadhaa mjomba alikuwa akiijaza maji ya kisima chenye chumvi. Gari lenyewe halikuwa na kosa lolote. Rejeta ilipelekwa Embu ikazibuliwa, thamostati ikabadilishwa, na safari hii ikajazwa maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Mjomba alipanda kutoka Kiambere na magunia yake mara mbili na mshale haukupita katikati. Hapo ndipo tulipokubaliana kwamba kipoza hewa kinaweza kufungwa kwa faida yake halisi.

Ninasisitiza utaratibu huu kwa sababu injini ya 1KZ ina kichwa cha silinda cha aluminiamu juu ya bloku ya chuma cha kusubu. Metali hizi mbili hazitanuki kwa kiwango kimoja, na joto likizidi, kichwa hupinda au kupasuka. Gharama ya kichwa ingekila kipoza hewa na boksi lake mara kadhaa.

Kazi ya Kufunga

Injini ilipoachwa usiku kucha ikapoa, asubuhi tulianza kwa kuondoa waya wa hasi wa betri, kisha grili na bampa ya mbele. Nyuma ya bampa huwa pana nafasi finyu: kwanza mhimili wa chuma unaolinda gari likigongwa, kisha kondensa ya kiyoyozi kwa magari yaliyo nayo, kisha rejeta. Kipoza hewa hutangulia mbele ya vyote. Fundi wengi hukata mhimili ule ili kupata nafasi, jambo ambalo halifai hata kidogo. Ni afadhali kuchagua kifaa kidogo. Tuliacha mwanya wa vidole viwili kati yake na kondensa, tukakishika kwa vibanio vilivyowekewa raba, kwani aluminiamu iliyokazwa moja kwa moja kwenye fremu inayotikisika hupasuka kwenye maungio baada ya muda.

Ukubwa wa kifaa na wa mabomba una kiasi chake. Wengi hudhani kikubwa ndicho bora. Kila inchi ya bomba ni nafasi ambayo tabo inapaswa kuijaza kabla injini haijaonja hewa, na dereva huihisi nafasi hiyo kama uzito wa mguu: anakanyaga, na gari linatafakari kwanza. Tulitumia mabomba ya inchi mbili, yanayokaribiana na mdomo wa tabo, yenye kona chache kadiri tulivyoweza.

Kwa injini hii, bomba la asili hutoka kwenye tabo, likavuka juu ya injini na kuingia kwenye manifoldi. Tuliliondoa. Mahali pake pakawa na njia mbili: ya kwanza inatoka kwenye tabo hadi upande mmoja wa kipoza hewa, ya pili inarudi kutoka upande wa pili hadi kwenye manifoldi. Njia hizi hazipaswi kupita karibu na bomba la moshi, la sivyo utakuwa unapoza mbele na kupasha nyuma. Vilevile, bomba lisigusane na kitu kinachotikisika. Injini ya dizeli huchezacheza kwenye vikalio vyake, na bomba lililobanwa bila nafasi ya kupumua hukatika au huchomoa mpira.

Mipira ya kuungia ndiyo sehemu ambayo watu hujaribu kubana matumizi. Mpira wa kawaida wa rejeta umetengenezwa kwa ajili ya maji. Ukikutana na hewa ya nyuzi mia na ushei iliyobeba ukungu wa oili, hulainika, ukafura, na siku moja ukapasuka. Inahitajika mipira ya silikoni iliyo na utando wa ndani unaostahimili oili. Nayo miisho ya mabomba iwe na tuta dogo la kuzunguka ili klipu ipate cha kung'ang'ania. Mabomba yetu yalikuja yakiwa laini miishoni. Fundi alizungushia kila mwisho waya mwembamba, akauchomelea, akausugua kwa tupa mpaka ukawa kama pete. Kazi hiyo peke yake ilichukua alasiri nzima, na ndiyo iliyofanywa kwa umahiri kuliko zote.

Baada ya kukata, kuchomelea na kusugua, ndani ya mabomba hubaki vumbi la chuma. Vumbi hilo likiachwa, kituo chake cha kwanza ni silinda. Tuliyaosha kwa maji ya sabuni, tukayapitisha kitambaa kilichofungwa kwenye kamba, tukayakausha juani. Anayenunua kifaa kilichotumika ana wajibu mkubwa zaidi: akioshe kwa parafini mara kadhaa, mbali na moto, mpaka inayotoka iwe safi, kisha akikaushe kabisa. Kifaa kilichotoka kwenye gari ambalo tabo yake ilikufa huweza kuwa na vipande vya chuma na dimbwi la oili. Injini ya dizeli ikiivuta oili hiyo huichoma kama mafuta yake, ikaanza kukimbia yenyewe, na kuzima ufunguo hakuisimamishi.

Hapa niruhusiwe kutoka nje ya njia kidogo. Tulipofika hatua ya kutafuta mahali panapovuja, niliukumbuka msamiati wa waunda vyombo wa pwani. Wana neno kalafati kwa kazi ya kuziba nyufa za mbao ili maji yasipenye, wana foromali, na kila kamba ya tanga ina jina lake ambalo halichanganyiki na la jirani yake. Msamiati huo haukutungwa kwenye warsha ya istilahi. Uliundwa na watu ambao jina likikosewa, chombo huzama. Gereji zetu zina hatari zinazolingana na hizo, lakini majina yake mengi yamepokelewa yakiwa tayari, kama vipuri, bila mtu kuyafungua.

Jaribio la uvujaji ni rahisi. Tuliziba mdomo wa bomba la tabo kwa kifuniko tulichotoboa na kutia valvu ya gurudumu, tukauziba na mdomo wa upande wa manifoldi, tukajaza kwa pampu mpaka bari moja, kisha tukapaka povu la sabuni kwenye kila ungio. Penye kuvuja palifanya mapovu. Tulikuta mawili, yote kwenye klipu, tukayakaza.

Hata hivyo mtihani wa nyumbani si mtihani wa mlima. Katika safari ya kwanza, tulipokuwa tukipanda na mzigo, pakasikika mlipuko mdogo, gari likaishiwa nguvu na kutoa moshi mweusi. Mpira mmoja ulikuwa umechomoka. Fundi alipouchunguza alipitisha kidole kwenye mdomo wa bomba, akatuonyesha: palikuwa na utelezi wa oili iliyoguswa kwa mikono yetu wakati wa kufunga. Klipu ilikuwa imekazwa vyema, tuta lilikuwepo, lakini mpira ulikuwa umepakwa mafuta ya kutelezea. Tulifuta kwa spiriti, tukarudisha, na haukuchomoka tena.

Mwisho wa siku tulipima kwa mkono. Mara tu baada ya kuzima gari kileleni, bomba linalotoka kwenye tabo halikushikika hata kwa nukta moja. Lile linaloingia kwenye manifoldi mjomba alilishika, akaliacha, akalishika tena akacheka. Mshale wa maji ulikuwa mahali pake.

Jina

Kiswahili kikiite nini kifaa hiki? Intakula hutamkika, na wengi wanaielewa, ila haielezi lolote. Hata Kiingereza chenyewe hakisaidii: jina lake lilizaliwa kwenye mitambo ambamo hewa hushindiliwa mara mbili na kupozwa katikati ya hatua hizo, na kwenye gari la hatua moja hiyo "katikati" haipo. Anayependekeza "kipoza cha kati" atakuwa ametafsiri kosa. Rejeta ya pili ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa inaeleza, na inaeleza uongo. Sisi wanafunzi tumefunzwa kusifu istilahi zinazojieleza, mathalani kanieneo, inayobeba ndani yake kani na eneo. Hatujafunzwa vya kutosha kuogopa zile zinazojieleza vibaya.

Katika makala haya nimetumia kipoza hewa, na nilikuwa nimeridhika nalo hadi nilipomsikia shangazi, mke wa mjomba, akiuliza kama sasa ndani ya gari kutakuwa na baridi. Alikuwa amefikiri ni kiyoyozi, na neno langu lilimpa kila sababu ya kufikiri hivyo.

Jioni ile fundi alitoa daftari analoandikia kazi zake ili mjomba amlipe. Kwa mafundi, hewa ni ile tunayoivuta. Ikishaingia kwenye pampu, gurudumu au bomba huwa ni upepo, ndiyo maana husema gurudumu limeisha upepo. Nilichungulia begani kwake. Chini ya tarehe, kwa herufi kubwa, alikuwa ameandika: KUFUNGA KIPOZAUPEPO CHA TABO, na mbele yake bei, ambayo mjomba alianza kuilalamikia papo hapo.